Mwalimu wa Usingizi

Miaka yote niliyosoma kwake sikuwahi kumwona Mwalimu amelala, na yeye ndiye aliyekuwa akitufundisha usingizi. Nalisema hili mwanzo kabisa ili nisije nikaonekana mzushi huko mbele. Alitufundisha Kiingereza cha kusinzia na cha kukoroma, cha kupiga miayo, cha kuota, na cha yule asiyepata hata lepe la usingizi mpaka alfajiri. Kiingereza kingine, cha sokoni na cha ofisini, tulikitafuta kwa walimu wengine wa mjini wakati wa asubuhi. Kwake tulikwenda baada ya adhuhuri, saa ambayo Kismayu yote imefunga maduka na kujinyoosha. Tulimkuta barazani macho makavu, kanzu imepigwa pasi, birika la kahawa liko juu ya makaa.

Mimi, kwa upande wangu, ni mtu wa usingizi. Sina haya kusema. Mama yangu alikuwa akioka mikate ya mofa ya kuuza, na mara tatu alinikabidhi tanuri nami nikapitiwa nikiwa nimeegemea ukuta, mofa zikageuka makaa. Mara ya tatu hakunipiga wala hakunitukana. Alinishika mkono akanipeleka kwa Mwalimu, nyumba ya nne kutoka kwetu, akamwambia kwa Kibajuni chetu, ambacho mtu ni "mchu":

"Mwalimu, huyu mchu kulala anajua sana. Mfundishe kulisema kwa Kizungu, angalau tupate faida."

Mwalimu akanitazama kwa muda. Nilidhani ananidharau, kumbe ulikuwa ni wivu, ila hilo nililijua baada ya miaka mingi.

"Unalala upesi?" akaniuliza.

"Nikiweka kichwa tu, Mwalimu."

"Na ukilala, huamki katikati?"

"Labda nyumba ianguke."

Akatikisa kichwa polepole, akanionyesha mkeka wa mbele kabisa, mahali alipowakalisha wanafunzi wenye kipaji.

Kisa cha kitabu chake alikisimulia kila alipoingia mwanafunzi mpya, nasi wa zamani tulikisikiliza tena kwa raha ile ile. Yeye ni mtu wa Chovai, kisiwa kimoja cha Wabajuni. Vita vilipokuja alikimbilia Kenya pamoja na wengine, akaishi kambini miaka mingi, na huko akasoma Kiingereza cha mwanzo chini ya turubai: huyu ni nani, hiki ni nini, jana nilikwenda. Siku moja akanunua bajia. Yule mama muuzaji akamfungia katika karatasi ya kitabu, na Mwalimu, badala ya kula, akaisoma ile karatasi pamoja na mafuta yake. Ilieleza tofauti ya mtu anayesinzia na mtu anayelala kidogo mchana. Akarudi mbio.

"Mama, kitabu hiki kiko wapi?"

"Kiko hapa. Kimebaki hiki."

Mama yule alikuwa na mtindo wake. Alichana kurasa za mbele, akichoka anageuza anachana za nyuma, kwa hiyo kilichosalia ni katikati tu. Katikati yote ilikuwa sura moja, ya maneno ya usingizi. Mwalimu akazunguka kambi nzima kuokota magazeti makuukuu, akamletea mama rundo la uzito ule ule, wakabadilishana.

"Sura ya chakula ililiwa na foleni," alikuwa akituambia kwa huzuni kubwa ya uongo. "Sura ya safari iliondoka. Ya mapenzi sijui hata kama ilikuwako. Mimi nilifika kwenye bajia nikiwa nimechelewa, nikapewa usingizi."

Basi alikihifadhi kile kipande neno kwa neno, na aliporudi Kismayu akaanza kukifundisha bure. Wazazi wengine walilalamika. Walisema mtu gani anafundisha lugha ya watu kutokea kitandani. Mwalimu aliwajibu kuwa yeye anafundisha anachokijua, na kwamba hajamwona mtu asiyelala. Hapo alikuwa akiuma mdomo kidogo, nasi tulidhani anazuia kicheko.

Na kweli, nje ya usingizi Kiingereza chake kilikuwa chembamba. Hakujua kijiko kinaitwaje. Hakujua ndoo. Siku moja mgeni mmoja, fundi wa mitambo, alipita barazani akauliza njia ya kwenda bandarini. Mwalimu akasimama, akanyoosha kanzu, akamjibu kwa Kiingereza kizuri mno kwamba kwa saa hii bandari inapata usingizi mwepesi, na ingekuwa hisani aiache mpaka itakapokuwa macho kabisa. Mgeni alicheka mpaka akashika nguzo. Akapewa kahawa, akakaa nasi hadi bandari ikaamka. Tangu siku ile Mwalimu alitembea mjini kama mtu aliyepokea balozi.

Darasa lenyewe lilikuwa baraza na ukuta mmoja. Juu ya ukuta alikuwa amechora ngazi kwa mkaa. Kipandio cha juu kimeandikwa "wide awake", macho kabisa. Chini yake "drowsy", yule ambaye kope zimeanza kuwa nzito. Kisha "nodding off", kichwa kinaanguka na kurudi. Kisha "dozing", ametekwa lakini ukimwita ataitika. Hivyo hivyo mpaka chini, "sound asleep", fofofo. Pembeni ya ngazi, peke yake, aliandika "toss and turn", la mtu anayegaagaa kitandani. Tulipomuuliza kwa nini hili halina kipandio, alisema mwenye kugaagaa bado anaitafuta ngazi.

Alituonyeshea maneno kwa kipande cha mti mgumu, urefu wa mkono wa mtu, kimelainika na kung'aa kwa kushikwa. Hakukiweka chini kamwe. Alikwenda nacho msikitini, sokoni, hata akimimina kahawa alikibana kwapani. Sote tulidhani ni bakora tu ya mtu mzima, na mzee kupenda bakora yake si habari.

Kila neno alitufundisha kwa mwili. Huwezi kuliandika "nodding off" mpaka kichwa chako kimeanguka mbele ya wenzako mara tatu kwa namna inayoaminika. Mimi nilikuwa bingwa. Mara mbili nilifanya mazoezi mpaka nikalala kweli, na Mwalimu akalizuia darasa lisiniamshe. Aliwaambia wanitazame na kuandika. Nilipoamka nilikuta maelezo yangu kwenye madaftari kumi na mawili.

Mtihani wake ulikuwa mchezo tulioupenda kuliko yote. Alijinyoosha mkekani, mti wake mkononi, akafumba macho, akalala usingizi wa aina moja. Alijua kuubadilisha ulegevu wa taya, pumzi, hata vidole vya miguu. Sisi tuliulizana kwa kunong'ona, ni usingizi gani huu? Mmoja akitaja jina lisilo lake, Mwalimu bila kufumbua macho alisema, "Kosa." Lilitoka upesi, kavu. Wengine walijaribu kumtega kwa kunyamaza muda mrefu, robo saa nzima, ili apitiwe. Kisha mtu akataja neno la uongo kwa sauti ya chini kabisa, na hapo hapo, "Kosa."

Palikuwa na hamali wa bandarini, mtu wa mabega kama mlango, aliyekuja darasani na vumbi la mchele kichwani. Siku tuliyojifunza kuwa Waingereza wakienda kulala husema wanapiga gunia, "hit the sack", alisimama amekasirika kweli.

"Mwalimu, mimi magunia nayapiga tangu alfajiri. Mbona silali?"

"Kwa sababu unayapiga na kuyaacha," Mwalimu akamwambia. "Yako yakifika ghalani hukai nayo."

Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Hamali mwenyewe alicheka kuliko wote, na tangu hapo akiaga jioni alisema anakwenda kupiga gunia moja la mwisho.

Mwingine alikuwa mvuvi wa kisiwa cha Koyama, aliyekuja mjini kila wiki kuuza kamba na akaongeza siku moja kwa ajili ya darasa. Yeye ndiye aliyeipinga sura ya kitabu. Kitabu kilisema mtu aliyelala sana amelala kama gogo.

"Gogo halilali," mvuvi akasema. "Gogo limekufa, Mwalimu. Mchu akilala sana analala kama pono. Pono akilala mwambani unamshika kwa mkono, unamgeuza, unamtia kapuni, yeye yumo ndotoni mwake."

Mwalimu akachukua mkaa, akapiga magoti, akaongeza kipandio chini ya "sound asleep". Akaandika kwa herufi kubwa: PONO.

"Hili Waingereza hawalijui," akasema akijipangusa magoti. "Chuwasaidie."

Nasema kweli, nilimpenda mzee yule. Nilimpenda kwa vituko vyake na kwa mambo yake yasiyopatana. Kwa mfano alituonya kila siku kuwa kahawa ni adui wa usingizi, huku anamimina kikombe cha sita. Birika lilikuwa moja, na sahani ya tende moja, na hakuna mwanafunzi aliyeruhusiwa kukaa bila kula na kunywa kwanza. Ukisema umeshiba alikuambia basi nenda kwenu.

Alikuwa bahili wa birika lile lakini. Jirani alikuja kuliazima kwa ajili ya harusi, Mwalimu akamjibu kwa Kiingereza, "Let me sleep on it", akamfasiria kuwa maana yake ni kwamba atalala kwanza, kesho atampa jibu. Jirani akarudi kesho, na keshokutwa, na wiki ya pili. Kila mara Mwalimu alimwambia kwa unyenyekevu kuwa bado hajalala. Sisi tuliona ni ujanja wa ajabu. Harusi ikapita, bibi harusi akajifungua, jibu halijapatikana.

Kina mama wa mtaani walimletea watoto wachanga waliokataa kulala. Alimweka mtoto begani, akatembea naye kutoka nguzo moja hadi ya pili akinung'unika maneno ya ngazi kutoka juu kwenda chini, na kabla hajafika kwa pono mtoto ameshalegea. Alimrudisha kwa mama yake kwa adabu, mikono miwili, kama anayekabidhi chano cha halua. Kisha akarudi kukaa, na nakumbuka jinsi alivyomsindikiza yule mtoto kwa macho mpaka kona.

Jambo moja halikuruhusiwa pale barazani, nalo ni salamu ya kuamka. Salaam aleikum alikuitikia. Habari za mchana alikujibu kwa urefu. Lakini ukimwambia, "Umeamkaje, Mwalimu?" kama watu wote waulizanavyo, uso wake ulifungika. "Anayeamka ni aliyelala," alijibu. "Niulize jingine." Tulijizoeza kumuuliza jingine.

Kazi niliyo nayo leo niliipata kwa sababu yake. Zahanati moja ya mjini ilikuwa inatafuta mkalimani wa daktari mgeni, mwanamke asiyejua Kisomali wala Kibajuni. Tulikwenda watu watatu. Wenzangu walikuwa na vyeti vyenye mihuri. Mimi nilikuwa na daftari lenye picha ya ngazi. Tukaletewa bibi mmoja wa kisiwa cha Ngumi, akasema shida yake mara moja tu, kila mmoja wetu afasiri.

"Usingizi wanijia," bibi akasema, "lakini haukai. Nikilala chali wakimbia. Nikiketi warudi."

Wa kwanza akasema kwa Kiingereza kuwa bibi hapati usingizi. Wa pili akasema bibi amechoka. Zamu yangu ilipofika niliona ukuta wa Mwalimu mbele yangu, na ule mti ukishuka kipandio kwa kipandio. Nikasema bibi husinzia upesi akiwa amekaa, kichwa kikianguka na kurudi. Lakini akijilaza hazami, huzinduka, na usiku wake wote ni kugaagaa. Nikatumia maneno yale yale ya kwenye bajia. Daktari akaweka kalamu chini, akamgeukia bibi, akamsikiliza kifua na mgongo kwa muda mrefu. Shida haikuwa usingizi hata kidogo. Ilikuwa moyo, na bibi akatibiwa moyo.

Nilikimbia hadi barazani na viatu mkononi. Nilimsimulia Mwalimu yote nikihema. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Ulitaja 'toss' kabla ya 'turn'?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Basi ile karatasi ya bajia imefika kwa daktari," akasema, akageuka kutazama makaa. Alikuwa analia, na hakutaka nione, na mimi niliona.

Nikaanza kazi, na mchana nikawa sipati nafasi ya kwenda darasani. Habari zake nilizipata kwa hamali na mvuvi, na mwaka huu habari zilianza kuwa mbaya. Walisema birika limemponyoka mara mbili. Walisema mikono inatetemeka. Jambo lililonitisha zaidi ni kwamba alisimama mbele ya ngazi, akaelekeza mti wake kwenye "drowsy", na jina halikuja. Darasa lilimngoja, mpaka hamali, kwa huruma, akajifanya anapiga chafya.

Wiki ile ile akaja zahanati. Alikaa foleni kama watu, mti magotini, kanzu imepigwa pasi. Nilipomwita ndani, nilidhani ataongea na daktari mwenyewe na mimi nitapata mapumziko. Akakataa.

"Mgonjwa hajifasirii," akaniambia. "Fanya kazi yako."

Kisha akamweleza daktari, kwa Kibajuni chake kizito cha Chovai, kile ambacho hakuwahi kutuambia. Halali. Hupata nusu saa akiwa amekaa, anazinduka, anapata nusu saa nyingine, basi. Daktari akauliza tangu lini. Nikafasiri. Mwalimu akajibu kwa maneno mawili:

"Tangu chombo."

Visiwani kwetu, watu wakisafiri usiku kwa chombo cha baharini hushika zamu. Anayekuja kumpokea mwenzake hukaa ubavuni pake, hushika kana, yaani ule mkono wa usukani, juu kidogo ya mkono wa mwenzake, husema, "Zamu ni yangu. Lala." Na mwenye kupokewa hujibu, "Nimelala," hali bado yuko macho, ndipo anapoachia mkono na kwenda kujilaza. Usiposikia maneno hayo huachii. Mtoto wa miaka saba anajua.

Usiku wa kukimbia vita, zamu ya kwanza ilikuwa yake na ya pili ya shemeji yake. Saa ya kubadilishana ilipofika, Mwalimu alimtazama shemeji amelala na mtoto kifuani, watu wote wamelala, wamechoka kwa kulia. Akawaonea huruma. Akasema ataamsha baadaye kidogo. Baadaye kidogo ikawa alfajiri, na alfajiri ikawa ufukwe wa Kenya. Watu wakaruka majini na mizigo yao, lori likaja, shemeji akapanda na macho yake ya usingizi, akapelekwa kambi nyingine, na baadaye Ulaya. Hupiga simu kila Idi. Hajui lolote. Chombo chenyewe kilivunjwa kuni, na Mwalimu akaomba kana.

Nilikitazama kile kipande cha mti magotini pake. Kisha nikaendelea kufasiri.

Daktari alisikiliza vizuri. Akamwambia apunguze kahawa, akampa vidonge vya siku chache, akasema kwa upole, "Mwambie ile safari imekwisha."

"Najua imekwisha," Mwalimu akajibu. "Mimi nilishuka. Zamu haikupokewa."

Agizo la kupunguza kahawa alilichukulia kama tusi. Nilimsindikiza mpaka mlangoni nikamuuliza kama anaruhusu niwaambie wenzangu, kwa kuwa siri ya mgonjwa si yangu. Akafikiri.

"Waambie," akasema. "Ilimradi waambiwe kwa Kiingereza. Watapata mazoezi."

Ijumaa niliomba ruhusa kazini, nikaenda barazani baada ya sala. Wenzangu nilikuwa nimeshawaambia, kwa Kiingereza, kama alivyotaka. Mwalimu alikuwa amesimama mbele ya ngazi, kana mkononi. Kahawa ilikuwa imepungua: kikombe kimoja kimefunikwa kwa kisahani, kama mfungwa. Nilikunywa changu, nikala tende, nikasimama ubavuni pake. Nilijua akinifukuza sitakuwa na la kufanya tena, na yule mzee atayasahau maneno yake moja moja mpaka ukuta ubaki peke yake.

Nikashika kana juu ya mkono wake.

"Zamu ni yangu, Mwalimu. Lala."

Alikasirika. "Acha mchezo. Apokeaye zamu awe mchu wa chombo kile. Weye hukuwamo, hata kuzaliwa hujazaliwa."

Aliyenijibia ni mvuvi wa Koyama, kutoka mkeka wa nyuma.

"Mwalimu, unisamehe. Baharia ni nani? Kwetu aliyekula chungu cha chombo ni mchu wa chombo, hata kama amepakiwa njiani. Ndivyo au sivyo?"

"Ndivyo," Mwalimu akakubali kwa shida.

"Na birika hili lilitoka wapi?"

Mwalimu akaligeukia birika juu ya makaa. Sisi sote tukaligeukia. Lilikuwa jeusi, limebonyea ubavuni, mkono wake umefungwa kamba ya ukindu kwa fundo la kibaharia. Birika alilomnyima jirani wa harusi.

"Lilikuwa chomboni," akasema taratibu.

"Basi chumelila sote," akasema hamali, ambaye si Mbajuni na Kibajuni chake ni cha kuazima. "Miaka kumi na moya."

Hakuna aliyemcheka. Mwalimu alitazama darasa lote, uso kwa uso, kisha akanitazama mimi, yule wa kulala na kuunguza mofa. Nadhani alikuwa anajiuliza kama kuna mtu asiyefaa zaidi kukabidhiwa zamu katika pwani yote. Vidole vyake vilikaza. Kisha nikavihisi vinalegea, kimoja, kingine.

"Nimelala," akasema akiwa amesimama.

Akaachia.

Akajinyoosha mkekani bila kitu mkononi, akafumba macho. Halafu mwanafunzi mmoja, kwa mazoea, akanong'ona, "Dozing?" Tukangoja. Hakuna kitu. Mwingine akajaribu, "Nodding off?" Kimya. Mimi nikainua kana, nikaielekeza pembeni ya ngazi, nikasema kwa sauti ya kawaida, neno la uongo kuliko yote:

"Mwalimu is tossing and turning."

Tukasikiliza kwa masikio yote. Ile "Kosa" haikuja. Kilichokuja ni mkoromo, mdogo, kisha mkubwa. Hamali alijifunika uso kwa kilemba akitetemeka mabega, na sijui alikuwa anacheka au analia. Mimi nilikuwa nafanya yote mawili. Nikashusha kana taratibu, kipandio baada ya kipandio, mpaka nikafika chini kabisa, kwenye lile neno ambalo Waingereza hawalijui, na darasa zima likaitikia kwa midomo bila sauti.

Alilala mpaka alasiri. Mimi nilisimama muda wote huo, na kwa mara ya kwanza maishani sikusinzia. Adhana ilipoanza alifumbua macho, akatazama dari, akatazama ukuta, akatazama mkono wake mtupu. Akaiona kana mkononi mwangu. Hakuidai.

"Umeamkaje, Mwalimu?" nikamuuliza.

Akaketi, akajifuta mate shavuni, akanyoosha kanzu iliyokunjamana.

"Nimeamka vyema, mwanangu," akasema. "Weye je?"